Je, Umemsikia Kwanza?

Somo lililotolewa na mzee wa kanisa, afisa uhamiaji mstaafu, mchana wa siku ya pili ya sherehe za miaka 25 ya ushirika wetu. Limeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti. Tumelifupisha kidogo, lakini maneno ni yake.

 

Wapendwa, nawasalimu wote. Mliotoka Bujumbura na Ngozi, mliovuka Rusumo kutoka Kigali, mliotoka Kisumu na Migori, Mbarara na Masaka, na ndugu zetu wa Goma na Uvira ambao najua safari yenu haikuwa nyepesi. Na wenyeji wetu, asanteni kwa chakula. Wenye ratiba wamenipa dakika 40 na kiti. Kiti nakishukuru, magoti haya si yale ya zamani.

Mmezoea kuniona hapa mbele nikiomba. Wengi hamjui kwamba miaka 27 nilivaa sare ya uhamiaji. Sitasema ni nchi gani, maana humu ndani tuko wa nchi nyingi, na jambo ninalotaka kulisema lingeweza kutokea kwenye mpaka wowote kati ya hiyo mliyovuka juzi. Leo naomba mnisikilize kama afisa. Tena afisa aliyekosea.

Neno langu ni Yohana sura ya 7, mstari wa 51. Wakubwa wamekaa barazani, wamekwisha kukata shauri juu ya Yesu. Nikodemo anauliza swali moja tu: sheria yetu humhukumu mtu kabla haijamsikia? Hakuhubiri. Hakusema huyu ni Masihi. Aliuliza utaratibu. Na wenzake walimjibu nini? Walimuuliza kama na yeye katokea Galilaya! Mnaona, jamani? Ukimtetea mgeni, wanakuuliza na wewe kwenu ni wapi. Haikuanza leo.

Usiku wa tatu wa msako

Mwaka ule kulikuwa na msako. Agizo lilitoka juu: wasio na vibali waondoke. Tukapewa malori, tukapewa na idadi. Sikilizeni hilo neno, idadi. Ukishapewa idadi, mtu anayeletwa mbele yako hana uso tena, ana namba.

Usiku wa tatu wakaniletea fundi baiskeli. Alikuwa na umri kama miaka 40 hivi, mikono imejaa grisi. Nikamuuliza, umezaliwa wapi? Akataja kijiji cha ng'ambo. Hakunidanganya. Umeingia lini? Miaka 19 iliyopita. Kibali? Hana. Fomu yangu ilikuwa na nafasi ya mambo manne: jina, uraia, kibali, mpaka atakaotokea. Nikajaza. Hakukuwa na mstari wa mke, hakukuwa na mstari wa watoto, na mimi sikuuliza.

Asubuhi mkewe akaja. Mzaliwa wa pale pale, kitambulisho anacho, mtoto mgongoni na wengine wawili wameshika kanga yake. Mkononi ana barua ya mchungaji, ina muhuri. Nikaisoma. Mchungaji anaandika kwamba mtu huyu amezaliwa kijiji hiki, na kwamba amemfahamu tangu utoto. Ndugu zangu, nilicheka. Maelezo ya yule fundi ninayo kwenye faili, kwa kinywa chake mwenyewe! Nikamwambia yule mama mbele ya watu, "Mchungaji wako mwongo, na wewe mwongo." Nikafunga faili. Saa nne lori likaondoka.

Nitarudi kwa huyu fundi. Kwanza niwaambie nilichojifunza baadaye, nilipostaafu nikapata muda wa kusoma hukumu za mahakama badala ya maagizo.

Mizani inapima nini

Tuanze na lililo wazi, nisije nikaeleweka vibaya. Kila serikali ina haki ya kuamua nani aishi ndani ya nchi yake. Mwenye nyumba ana mlango na ana ufunguo. Mkristo hapaswi kuidharau haki hiyo. Lakini kati ya kuwa na haki ya kumwondosha mtu na kumwondosha kweli, pana mizani. Upande mmoja unaweka sababu ya serikali: kavunja sheria ya uhamiaji, katenda kosa la jinai, au ni hatari kwa watu. Upande wa pili unaweka maisha ya mtu huyu mmoja. Halafu unaangalia.

Ni nini hasa kinawekwa upande wa pili? Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, iliyaeleza vizuri mwaka 2001. Mtu mmoja wa Algeria alikuwa amemwoa mwanamke wa Uswisi. Aliiba kwa nguvu, akahukumiwa miaka miwili, na Uswisi ikakataa kumwongezea kibali. Mahakama ikatoa maswali ya kuulizwa kabla ya kumtoa mtu kama huyo. Niyataje polepole, anayetaka aandike.

Kosa lake ni la aina gani, na zito kiasi gani? Amekaa nchini muda gani? Tangu atende kosa umepita muda gani, na muda huo ameishi vipi? Yeye na wa nyumbani mwake ni raia wa wapi? Ndoa yake ina muda gani, na ni ndoa ya kweli? Mwenzake alijua habari za lile kosa wakati wanaoana? Wana watoto, na wana umri gani? Na la mwisho: mwenzake akilazimika kumfuata huko anakopelekwa, atapata shida kiasi gani? Yule mke wa Kiswisi hakuwa na maisha yoyote Algeria. Mahakama ikasema Uswisi imekosea.

Mwaka 2006 mahakama ile ile ikaongeza mawili: manufaa ya watoto, na mizizi ya mtu, yaani amejishika wapi zaidi, huku alipo au kule alikozaliwa. Lakini sikilizeni hili pia. Aliyepeleka kesi hiyo ya 2006, Mturuki aliyekulia Uholanzi na kuua mtu, alishindwa. Maswali yaliulizwa yote na upande wa serikali ukawa mzito zaidi. Mizani si mlango wa nyuma wa kumwachia kila mtu. Kazi yake ni kupima tu.

Wengine wenu mna watoto Marekani, mnaniuliza habari za huko kila tukikutana. Kule mtu asiye na karatasi aliyefikishwa mbele ya hakimu wa uhamiaji anaweza kuomba asiondoshwe, lakini awe amekaa miaka 10 mfululizo, awe na mwenendo mwema, na aonyeshe kwamba kuondoka kwake kutaleta taabu kubwa isiyo ya kawaida. Taabu kwa nani? Si kwake yeye! Ni kwa mke, mume, mzazi au mtoto aliye raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Chozi lake mwenyewe halimo kwenye mizani ile. Na nafasi ni 4,000 tu kwa mwaka, kwa nchi nzima. Uingereza nao sheria yao inasema maisha ya ndoa uliyoyaanza ukiwa huna ruhusa ya kukaa yana uzito mdogo. Kwa hiyo vijana mnaosema nitaoa kwanza, karatasi baadaye, mmesikia.

Hapa kwetu Afrika

Mtu ataniambia, mzee, hayo ni ya Wazungu. Hapana. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981. Kifungu cha 12 kinasema mgeni aliyeingia kihalali haondoshwi ila kwa uamuzi uliofuata sheria, na kinakataza kufukuza wageni kwa makundi. Kifungu cha 18 kinailinda familia.

Vifungu hivyo vimeshatumika. Mwaka 1994 Zambia iliwaondosha wanasiasa wawili wa chama cha UNIP, ikawapeleka Malawi, ikisema si Wazambia. Kesi ikafika kwenye Tume ya Afrika. Mwaka 1999 Tume ikasema Zambia imevunja Mkataba, na kati ya sababu zake ni hii: imewanyima watu hao familia zao, na imezinyima familia msaada wa watu hao. Mmoja alikuwa amekwisha kufa kabla uamuzi haujatoka.

Ndugu zangu wa Burundi na Rwanda, Tume hiyo hiyo mwaka 1996 iliamua habari ya Warundi waliokuwa wameishi Rwanda miaka mingi kama wakimbizi, wakafukuzwa kwa kuambiwa ni hatari kwa usalama, bila kupewa nafasi ya kujitetea. Tume ikasema Mkataba umevunjwa. Huwezi kusema "hatari" juu ya kundi zima halafu usimsikilize hata mmoja.

Na pale Arusha tuna Mahakama ya Afrika. Machi 2018 ilitoa hukumu ya mtu aliyezaliwa mkoa wa Mara, Tanzania. Alikuwa anashughulikia taratibu za ndoa yake, uraia wake ukatiliwa shaka, pasi yake ikachukuliwa. Mwaka 2014 akapelekwa Kenya. Kenya ikasema si wetu, ikamrudisha. Tanzania haikumpokea. Akabaki akiishi Sirari, kwenye kile kipande cha ardhi kati ya nchi mbili. Waliopita Sirari na Isebania kuja hapa mnakijua kipande hicho, mmekivuka kwa miguu mkiwa na mabegi. Sasa fikiria ndiyo nyumbani kwako.

Mahakama ilisema mambo mawili ya kushika. La kwanza, serikali yenyewe ilikuwa imemtambua kwa hati kuwa raia, kwa hiyo ikitaka kusema si raia, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa huyu mtu. La pili, hakupewa njia ya kupeleka malalamiko yake mahakamani. Ikaiamuru nchi irekebishe sheria yake ili mtu akibishaniwa uraia awe na mahakama ya kwenda.

Na tuna Mahakama ya Afrika Mashariki. Aprili 2011 wakili mmoja wa Kenya alishuka Entebbe, akapigwa PI pale pale, akarudishwa kwa ndege bila kuambiwa sababu. Mei 2013 Mahakama ikasema Uganda imevunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja. Nchi ina mamlaka yake, ndiyo, lakini ilisaini yenyewe. Raia wa nchi mwanachama hawezi kurudishwa tu hivi hivi bila sheria kufuatwa na bila sababu kuelezwa.

Tusidhani serikali zetu hazijui kupima. Zinajua. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walikaa wakazaa, watoto wao wakazaa, na Tanzania ikawapa uraia zaidi ya 162,000 kati yao. Ilitazama miaka zaidi ya 40, ikaona hawa mizizi yao iko hapa. Kenya nayo, Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini waende makambini. Julai 2013 Mahakama Kuu pale Nairobi ikalifuta agizo hilo. Wengine walikuwa na kazi, watoto shuleni, maisha yamejengwa, na serikali haikuonyesha jinsi watu hao walivyohusika na hatari iliyosemwa.

Mama wa Kitanzania

Sasa nifike kwenye hukumu iliyonikosesha usingizi. Ni ya Mahakama ya Juu ya Uingereza, Februari 2011. Mama mmoja Mtanzania aliingia Uingereza mwaka 1995. Aliomba hifadhi mara tatu na akakataliwa mara tatu. Mara mbili kati ya hizo alitumia majina yasiyo yake, akajifanya Msomali. Ndugu zangu, huyo si mtu aliyesahau kujaza fomu. Alidanganya, akarudia. Katikati ya hayo akazaa watoto wawili na raia wa Uingereza, mmoja 1998, mwingine 2001. Watoto ni raia. Maafisa wakasema mama aondoke, na watoto wanaweza kumfuata Tanzania.

Jaji Hale ndiye aliyeandika hukumu kuu. Alisema manufaa ya watoto yatazamwe kwanza. Mambo mengine yanaweza kuyashinda, lakini huwezi kuanza na mengine halafu watoto ukawaweka mwishoni kama kiambatisho. Hawa walikuwa na nchi yao, shule yao, baba yao. Uongo wa mama ulikuwa mkubwa, Mahakama haikuuficha. Lakini ikasema watoto hawawezi kubebeshwa lawama ya uongo huo.

Niliisoma hukumu hiyo nimekaa barazani kwangu. Nikaiweka chini. Nikamwona yule mama na watoto watatu, na ile barua. Mimi nilichukua uongo mmoja wa mchungaji nikauweka kwenye mizani, nikawaondoa watoto watatu ili ukae vizuri.

Na sikuhitaji kusubiri Waingereza kunifundisha. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ni wa mwaka 1990. Kifungu cha 4 kinasema katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa yake ndiyo ya kwanza. Ulikuwepo siku ile. Haukuwepo mezani kwangu, lakini ulikuwepo.

Ukweli ungetosha

Mwaka wa sita baada ya msako, nilikuja kwenye mkesha wa ushirika huu huu, upande wa pili wa mpaka. Vijana walikuwa wanafunga spika. Mmoja wa mafundi, mtu mzima, akaacha waya akanitazama. Akaniita, "Afisa." Nikaitika. Akaniuliza, "Siku ile, ulijua nina watoto?" Nikamwambia, "Nilijua. Mkeo alikuja nao." Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi. Miaka yote nilidhani hukujua." Akarudi kwenye waya zake.

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Ameniruhusu nilisimulie hili, jina lake nisitaje. Mkewe na watoto wawili walimfuata baadaye. Binti mkubwa hakwenda, alikuwa ameacha shule ili amsaidie mama yake kuuza samaki, na alipata mume kule kule. Kwa hiyo nyumba ile haijakaa tena pamoja chini ya bati moja tangu asubuhi ile.

Nilimtafuta na yule mchungaji. Nikamuuliza, kwa nini uliandika kazaliwa pale? Akaniambia, "Niliona ukweli hautatosha." Wapendwa, hebu tuutazame huo ukweli ulioonekana hautoshi. Miaka 19. Ndoa ya kanisani. Watoto watatu wazaliwa wa nchi. Hana kosa hata la ugomvi. Baiskeli ya mkunga wa zahanati ilikuwa inatengenezwa na yeye, bure. Karibu kila swali nililowasomea hapa lina jibu! Na mchungaji alikuwa analijua kila jibu kwa macho yake. Hakuandika hata moja. Aliandika kitu kimoja asichokijua, na ndicho nilichokishika.

Mnamkumbuka Ruthu shambani? Boazi anamuuliza msimamizi wake, huyu binti ni wa nani? Msimamizi hakusema ni mzaliwa wa Bethlehemu. Alisema ni Mmoabi. Alisema alikuja na Naomi. Alisema amekuwa shambani tangu asubuhi. Alisema alichokiona, basi. Na Boazi naye alikuwa ameshasikia jinsi alivyomtunza mkwewe. Mgeni yule alipona kwa ushahidi wa kweli wa watu waliomwona akiishi.

Tufanye nini

Naona mwenye ratiba ananitazama. Namalizia.

Kwanza, karatasi. Soko la Pamoja tangu 2010 limeturahisishia kuingia, lakini si ruhusa ya kukaa na kufanya kazi bila kibali. Omba kibali kabla hujakamatwa, si baada. Ndoa isajiliwe, na ifungishwe na mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa. Watoto wapate vyeti vya kuzaliwa, tena mapema. Kadi ya kliniki, risiti za ada, risiti za kodi ya nyumba, usitupe. Hizo ndizo zinazosema umekaa miaka mingapi. Weka nakala kwa mtu mwingine, maana msako haukupi muda wa kufungua kabati. Na kama sheria inakupa njia, itumie. Katiba ya Kenya, kifungu cha 15, inamruhusu aliyeolewa au kuoa raia kwa miaka 7 kuomba kusajiliwa kuwa raia. Nina watu nawajua wana miaka 15 ya ndoa hawajaomba.

Pili, ukikamatwa. Sema jina lako la kweli. Usikimbie, usitoe hongo. Omba sababu kwa maandishi. Kenya hiyo ni haki iliyo ndani ya Katiba, kifungu cha 47. Uliza kama kuna rufaa, na kwa muda gani. Sema una watoto, hata kama fomu haiulizi, na omba yaandikwe. Na kama huko unakorudishwa kuna hatari ya kuuawa au kuteswa, sema hapo hapo. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Afisa hawezi kupima ambacho hakijatajwa. Saa ya kuona haya siyo hiyo.

Tatu, wachungaji. Barua zenu zina uzito kuliko mnavyodhani, ndiyo maana nawasihi. Andika: nimemjua tangu mwaka fulani. Nilifungisha ndoa yake tarehe fulani. Watoto wake ni hawa, wanasoma shule hii. Anamtunza mama mkwe mgonjwa. Kama alizaliwa ng'ambo, andika kazaliwa ng'ambo. Ukimpenda mshirika wako, usimwandikie uongo. Uongo mmoja unayachafua na yale tisa ya kweli.

Nne, na hawa ndio nawaogopea zaidi: ninyi mnaovaa sare. Mko humu, nawaona, wengine nimewafundisha kazi. Sikuambii uvunje agizo. Nakuambia uulize. Amekaa muda gani? Nani anamtegemea? Amefanya nini? Anarudi kwa nani? Hayo ni maswali manne, hayachukui dakika kumi. Andika majibu kwenye faili, hata kama hakuna mstari wake. Pindua karatasi uandike nyuma. Huenda wewe huna mamlaka ya kumwachia, lakini faili inakwenda kwa mtu mwenye mamlaka, na faili isiyo na watoto ndani yake haiwezi kumkumbusha kwamba kuna watoto. Na ukikuta uongo ndani ya barua, uandike kama uongo. Halafu endelea kusoma.

Swali la Nikodemo halikuzuia kitu siku ile. Waliondoka kila mtu akaenda nyumbani kwake. Lakini aliuliza, na limeandikwa kwamba aliuliza. Kwenye faili la yule fundi hakuna aliyeandika swali lolote, na sahihi iliyo chini ni yangu.

Sasa tusimame. Tuwaombee walioko mahabusu usiku wa leo kwenye mipaka yetu, na maafisa wa zamu walio nao. Tukimaliza, sitaki kuwekewa mikono wala kupigiwa picha. Kesho baada ya chai nitakaa pale chini ya mwembe, karibu na matangi ya maji. Mwenye kibali kilichoisha, mwenye ndoa isiyosajiliwa, mchungaji anayetaka kuandika barua na hajui aanzie wapi, njooni na karatasi zenu zote. Nitakuwa na kalamu.

Bwana Yesu asifiwe.